Yatima Mwenye Mama

Ndugu msomaji, mimi nimewahi kumuua mama wa watu. Sikutumia kisu wala sumu. Nilitumia kalamu, tena kwa mshahara, na siku alipokuja mwenyewe kuuliza ni nani aliyemuua, nilinyamaza kimya kama maji mtungini. Naanza na hilo mapema ili nisije nikawa nyani asiyeona kundule, maana katika makala haya nimekusudia kuwasema watu, na wengi kati yao ni watu wema kabisa.

Ninaowasema ni wale ambao safari huwageuza kuwa waanzilishi wa vituo vya watoto yatima. Hadithi yao unaijua, kwa sababu ni moja tu, yanabadilika majina. Mtu anatoka Ulaya au Marekani, au hata anatoka hapahapa kwetu, Masaki au Westlands, anasafiri kwenda mahali asipopajua. Anapanda mlima, anaangalia simba, anapiga picha jua likizama. Siku ya mwisho mwenyeji wake anamwambia, twende nikakuonyeshe kituo. Kufika pale watoto wanaimba, wanacheza ngoma, kadogo kamoja kanamshika kidole na hakataki kukiachia. Basi tena! Mgeni anarudi kwao usiku halali. Mwaka haujaisha shirika limeshasajiliwa, lina nembo ya mikono miwili imekumbatia moyo, lina kalenda ya kuuza, na yeye anasimama mbele za watu anasema kuwa safari ile ilibadilisha maisha yake. Na sisi tunampigia makofi.

Mimi nasema makofi tuyaweke kwanza. Ilibadilisha maisha yake, sawa. Na ya yule mtoto je? Nyumba aliyotoka yule mtoto, nani aliiona?

Mwaka 2012 nilipanda basi pale Ubungo kwenda Arusha. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na tatu, ndani ya begi nina daftari la mashairi ambalo magazeti matatu yalikuwa yameshalikataa, mfukoni sina kitu. Nilifikia kwa kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, Unga Limited. Wiki ya pili akaniambia kuna kituo cha watoto kinatafuta mtu wa kuandika Kiingereza kizuri. Nikasema, Mungu si Athumani.

Kituo chenyewe kilianzishwa na mama mmoja wa Kizungu, jina lake silitaji. Alikuja kupanda Mlima Kilimanjaro. Aliposhuka, zikiwa zimebaki siku mbili apande ndege, dereva wa watalii akampeleka kuona watoto waliokuwa wakilala chumba kimoja nyumbani kwa mchungaji. Akalia sana. Akarudi kwao, akauza gari lake, akaja kukodi nyumba ya vyumba sita. Nataka nieleweke hapo: huyu mama hakuwa mwizi. Alikuwa akifua nguo za watoto kwa mikono yake, na makande waliyokula watoto ndiyo aliyokula yeye. Angekuwa mwizi makala haya yangekuwa mafupi, tungeita polisi yakaisha. Taabu ni kwamba alikuwa mwema, na wema wake ulikuwa na vitanda thelathini na kitu ambavyo vilitakiwa vijae.

Kazi yangu ilikuwa kuandika ukurasa mmoja kwa kila mtoto. Picha, jina, anapenda kuwa nani akikua, na jinsi alivyofiwa. Ukurasa ule ulikwenda kwa wafadhili, na kila mfadhili alichagua mtoto wake akawa anatuma dola 30 kila mwezi. Siku za mwanzo niliandika kama nilivyosimuliwa na watoto wenyewe na walezi. Huyu baba yake aliondoka akaenda machimboni Mererani hajarudi. Yule mama yake yupo lakini anaumwa, na bibi yake yuko Babati. Meneja, ambaye ni Mswahili mwenzangu, alisoma kurasa zangu akacheka.

"Bwana mdogo," akaniambia, "wewe unaandika ukoo. Wafadhili hawataki ukoo. Bibi yuko Babati, sijui mjomba yuko Singida, nani atatoa hela hapo? Andika wazazi wote wamefariki. Neno moja tu linatosha."

Nikaandika. Wala siwezi kujitetea kwamba nilitishwa. Nilifurahi. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ananilipa kwa sentensi, na niligundua kwamba kifo kinaandikika vizuri kuliko umaskini. Umaskini una maelezo mengi, una deni la dukani, una bati lililotoboka, una ugomvi wa shamba kati ya ndugu. Kifo ni mstari mmoja na msomaji ameshalia. Siku moja nilikaa na daftari la kupokelea watoto nikahesabu waliofiwa kweli na baba na mama wote wawili. Nilihesabu kwa vidole vya mikono, na vidole vikabaki.

Mtoto mmoja wa kiume, wa miaka saba hivi, alikuwa na wafadhili watatu katika nchi tatu, hawajuani. Mimi ndiye niliyekuwa nawajibu wote watatu kwa jina lake. Katika ukurasa wake niliandika kwamba mama yake alifariki usiku wa mvua. Mvua ile niliitia mwenyewe, kwa utamu wa lugha.

Ilikuwa siku ya Jumamosi. Nilikuwa ofisini peke yangu na meneja, akaingia mama wa makamo, kajifunga kanga mbili, kichwani ana kikapu cha ndizi. Nyuma yake binti amevaa sare ya sekondari, ameshika ile kalenda yetu. Nikamwamkia, shikamoo mama. Akaitikia, marahaba mwanangu, akakaa. Alikuwa amekuja kumtembelea mwanawe, kama alivyokuwa akifanya kila baada ya miezi michache, na walezi wote walikuwa wanamjua. Ni sisi wa ofisini tu tuliokuwa hatumjui. Binti yake wa kidato cha pili alikuwa ameiona kalenda kwa mwalimu, akamsomea mama yake kilichoandikwa chini ya picha ya mdogo wake.

"Baba," yule mama akamwambia meneja, "huyu mwanangu ananisomea hapa kwamba mimi nimekufa. Nimekuja kuuliza, aliyeandika ni nani? Na aliambiwa na nani?"

Meneja akasema, "Ah, mama, hiyo ni lugha ya wafadhili tu. Usiwe na wasiwasi."

"Lugha ya wafadhili," akarudia polepole. Akanigeukia. "Mwanangu, wewe ndiye unayeandika?"

Jamani, nilikuwa nimeshika kalamu mkononi. Nikamjibu, "Mama, mimi ni mgeni hapa."

Hakubishana. Akasema yeye alimleta mtoto pale baada ya mumewe kufariki, kwa sababu alishindwa sare na daftari, na nyumba ilikuwa inavuja. Yeye ni kibarua, anapalilia maharage katika mashamba ya watu. Mchungaji alimwambia mtoto atasomeshwa. Halafu akauliza swali ambalo mpaka leo sijapata jibu lake: hizo pesa zinazokuja kwa jina la mwanangu, zikinisaidia bati na ada, si ninaweza kumchukua leo hii nikaenda naye nyumbani? Meneja akamweleza kwa upole kwamba haiwezekani, pesa ni za watoto walio kituoni. Mtoto akitoka, pesa zinakoma.

Umeona hesabu hiyo, ndugu yangu? Dola 30 mara watatu ni dola 90. Kwa miaka ile ilikuwa kama shilingi laki moja na arobaini elfu kila mwezi, na zilikuja kwa sharti moja tu, kwamba mtoto asilale kwa mama yake. Sharti hilo halikuandikwa popote na hakuna mfadhili hata mmoja aliyelijua. Wangelijua, naamini wote watatu wangelia machozi mapya.

Yule mama aliacha ndizi mezani akaondoka. Mimi nilibaki pale miezi mingine minne, kwa sababu mshahara ni mshahara. Hayo ndiyo maungamo yangu. Sasa nianze ugomvi.

Ugomvi wangu wa kwanza ni na neno lenyewe. Kwetu yatima ni mtoto aliyefiwa na mzazi, na kwa Waislamu hasa ni yule aliyefiwa na baba kabla hajabalehe. Haina maana kwamba hana mtu. Ana mama, ana bibi, ana mjomba, ana shangazi, na jamii yote imeamrishwa isile mali yake. Hata mashirika ya Umoja wa Mataifa yanapohesabu yatima huhesabu mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Kwa hesabu hiyo UNICEF walisema mwaka 2015 dunia ilikuwa na yatima karibu milioni 140. Lakini waliofiwa na wazazi wote wawili walikuwa milioni 15.1. Fanya hesabu mwenyewe, ni kama mmoja katika kila tisa. Wale wanane waliobaki wana mzazi anayepumua. Sasa neno hilihili likishavuka bahari, msikilizaji wa kule anaona picha ya mtoto amesimama peke yake jangwani. Neno ni moja, picha ni mbili, na katika ufa huo ndimo wengi tulimopatia ulaji.

Ugomvi wa pili ni na safari. Tumeimbiwa tangu utotoni kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikatai. Ila wahenga haohao walisema pia kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Msafiri anaona kilichowekwa barabarani. Kituo kina kibao, kina geti, gari linafika mlangoni. Bibi anayelea wajukuu watano huko mgombani hana kibao, na njia ya kwenda kwake gari halipiti. Kwa hiyo mgeni wa siku kumi na mbili, kwa macho yake na kwa moyo safi, anahitimisha kwamba watoto wanaolelewa ni wale wa kituoni, na wengine wote wametupwa. Kumbe ni kinyume. UKIMWI ulipoanza kuua Tanzania, wagonjwa wa kwanza waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata watu walizikwa kule mpaka ndugu wakachoka kulia. Watoto walioachwa, walio wengi walilelewa na akina nani? Ni bibi, shangazi, mama wadogo na kaka wakubwa. Hawakuwa na nembo wala kalenda. Hakuna msafiri aliyewapiga picha kwa sababu hawakuwa wamepangwa mstari.

Mtasema natia chumvi, kwamba nimeona kituo kimoja kibovu nikahukumu vyote. Basi tutoke Arusha, twende mbali kidogo.

Mwaka 2004 kijana wa Kimarekani, Conor Grennan, alikuwa anaanza safari ya kuizunguka dunia. Akaanzia Nepal, akajitolea katika makao ya watoto kijijini Godawari, karibu na Kathmandu. Mwenyewe amekiri katika kitabu chake kwamba hakwenda kwa utakatifu. Alitaka ile safari yake ya starehe ionekane na heshima kidogo. Nepal wakati huo ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza 1996 vikaisha 2006, na watoto wale walihesabiwa kuwa yatima. Siku moja akatokea mama mlangoni. Alikuwa mama mzazi wa wawili kati yao. Ikaja kufahamika kwamba watoto wametoka wilaya ya Humla, mbali sana milimani, walikochukuliwa na mtu aliyekula pesa za wazazi kwa ahadi kwamba atawapeleka watoto mjini wakasome, wawe salama na vita. Wazazi walikuwa wanasubiri huko nyumbani, hai.

Niliposoma habari hizo nilifunga kitabu. Mama mlangoni! Nilidhani yule wa kwangu ni mmoja tu duniani.

Lakini angalieni alichofanya huyu kijana baadaye, maana hapo ndipo tofauti yake na wengi. Mwaka 2006 alianzisha shirika, na kazi ya shirika hilo ikawa kuwatafuta wazazi. Akaenda mwenyewe Humla, kwa miguu, siku kwa siku kwenye vijia vya milimani, amebeba picha za watoto, anauliza kijiji kwa kijiji, huyu ni wa nani? Kwa hiyo msinielewe vibaya nikasemekana nimekataa kwamba safari inaweza kumfanya mtu aanzishe jambo la maana. Inaweza. Ila safari ya kwanza humpa mtu machozi tu. Inatakiwa safari ya pili, ile ya kumfuata mtoto mpaka kwao, na wengi hawaifanyi hiyo kwa sababu tiketi yake haiuzwi na wakala.

Sasa mchukueni mwingine. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, Mfaransa mmoja aliyekwenda kusaidia waathirika Asia alirudi kwao akaanzisha shirika liitwalo L'Arche de Zoé. Miaka miwili mitatu baadaye shirika likaelekeza macho Darfur. Oktoba 2007 watu wake walikamatwa mjini Abéché, nchini Chad, wakiwa tayari kupandisha ndegeni watoto 103 kuwapeleka Ufaransa, ambako familia zilikuwa zinawasubiri. Walisema ni yatima wa Darfur. Baadhi ya watoto walikuwa wamefungwa bandeji ilhali hawana kidonda. Mashirika ya kimataifa yalipokaa na watoto yakawasikiliza, 91 kati ya wale 103 walieleza kwamba walikuwa wanaishi na angalau mtu mzima mmoja wanayemtambua kuwa mzazi wao. Mahakama ya Chad ikawahukumu Wafaransa sita kifungo cha miaka minane, na Machi 2008 rais wa nchi akawasamehe. Bandeji bila kidonda! Nilipoisoma hiyo nilikumbuka mvua yangu ya usiku. Kazi ni ileile, tofauti yetu mimi nilifunga bandeji za maneno.

Najua yupo msomaji anayesema, sawa bwana, lakini mtoto si anakula vizuri kituoni? Si analala kwenye neti, anasoma shule nzuri? Hiyo ndiyo hoja kubwa, na sitaikimbia. Kuna watafiti wa Kimarekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, waliokwenda Bucharest, Romania, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Walichukua watoto wadogo 136 waliokuwa wanalelewa katika vituo, wakapiga kura, nusu wakapelekwa kulelewa katika familia na nusu wakaendelea kama kawaida. Wakawafuatilia miaka na miaka. Waliokwenda kwenye familia walipata nafuu ya akili, ya lugha na ya kushikamana na watu, hasa wale waliopelekwa kabla ya kufika umri wa miaka miwili hivi. Vituo vya Romania vilikuwa vibaya kuliko chetu, nakubali. Lakini fikiri jambo hili. Kwetu Arusha vijana wa kujitolea kutoka nje walikuwa wanakuja kwa wiki mbilimbili. Mtoto anambeba moyoni dada yule, anamwita mama, anajifunza jina lake gumu. Wiki ya pili dada anaondoka huku analia na kupiga picha. Wiki ya tatu anakuja mwingine. Sisi watu wazima tukifiwa mara moja tunakaa matanga. Yule mtoto alikuwa anafiwa kila baada ya wiki mbili, na Jumatatu tunamtaka aimbe wimbo wa kukaribisha wageni.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu tunampa mtoto ambebe.

Mwingine atauliza, na wale wasio na mtu kabisa? Wapo, na hao wanahitaji pa kulala usiku huu huu. Sikusema makao yote yachomwe moto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na inataka makao ya watoto yawe na leseni. Kwa hiyo hata sheria inajua kwamba makao ni dawa, na dawa hainywewi kama chai. Jirani zetu Rwanda waliona hivyo. Mwaka 2012 walihesabu watoto 3,323 katika vituo 33, na kuanzia mwaka 2013 wakaanza mpango wa kuwarudisha watoto kwenye familia zao, na wasio na familia wakatafutiwa walezi wa kujitolea ambao huitwa malaika walinzi. Hiyo ni nchi iliyotoka kwenye mauaji ya 1994, ilikuwa na yatima wa kweli kuliko sisi sote, wala haikusema haiwezekani. Kenya nayo mwaka 2017 ilisimamisha usajili wa vituo vipya, na mwaka 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi wa kuwahamishia watoto kwenye familia. Tena Kenya ina somo jingine la pesa. Mwaka 2004 serikali ilianza kwa majaribio kuzipa fedha taslimu kaya zinazolea yatima. Zilikuwa kaya 500 tu. Mpango ule ukakua mpaka ukafikia kaya zaidi ya laki tatu. Hapakujengwa geti. Pesa zilikwenda alipo mtoto, kwa bibi.

Lile swali la yule mama, kumbe lilikuwa na jibu! Jibu lilikuwa linatembea Kenya tangu miaka minane kabla hajaliuliza. Ni sisi tuliokuwa hatulitaki, kwa sababu ukimpa mama bati na ada, meneja atasimamia nini? Mwandishi ataandika nini? Mgeni atapiga picha wapi?

Kwa hiyo wewe unayesafiri na moyo ukakuwaka, usizime huo moto. Rudi kwenu ukae nao kwanza. Kisha uliza: huyu mtoto kwao ni wapi? Nani analala huko usiku huu? Kinakosekana nini ili na yeye alale huko? Ukikuta ni bati, nunua bati. Ukikuta ni dawa za mama, lipia dawa. Ukikuta ni ada, peleka shuleni, wala usidai akuandikie barua kila mwezi. Mtafute afisa ustawi wa jamii wa wilaya kabla hujatafuta mchoraji wa nembo. Shirika la namna hiyo halina kalenda nzuri, nakubali. Watu watakuuliza watoto wako wako wapi, uwaonyeshe nini? Waambie wako kwao.

Na sasa nawageukia ninyi wenzangu wa kalamu, maana gazeti hili ni letu na hapa tunasemana. Kazi za kuandika ni chache, tunajua. Riwaya hailipi, shairi ndiyo kabisa. Wengi wetu tutaishia kwenye ofisi za miradi, tunaandika maombi ya fedha, tunaandika maneno ya chini ya picha. Sina ubavu wa kumwambia mtu aache mshahara, mimi niliyekaa miezi minne baada ya kumtazama yule mama usoni. Ninachoomba ni kidogo. Andikeni ukoo. Yule bibi wa Babati mwandikeni. Mjomba wa Singida mwandikeni, hata kama ni mlevi. Mkiambiwa maelezo ni marefu, semeni ndivyo watoto walivyo, wana watu wengi. Tunajisifu humu kila toleo kwamba mwandishi ni mwenye huruma kuliko wengine, eti anaona wasichoona watu. Mimi nilikuwa mwandishi peke yangu katika nyumba ile, na wapishi waliona kuliko mimi. Walikuwa wanamjua yule mama kwa jina, wanampa chai.

Sijui aliko leo. Mtoto atakuwa kijana mkubwa sasa, na binti wa kidato cha pili labda ana watoto wake. Zile kurasa za Kiingereza ziko katika makabati ya watu huko ng'ambo, siwezi kuzirudisha. Nilimwandika kwamba amekufa, katika lugha asiyoijua, asomewe na mwanawe. Leo narekebisha kwa Kiswahili, lugha anayoielewa, kama kuna mtu wa kumsomea: mama yule hakufa. Usiku ule hapakuwa na mvua. Alikuja Jumamosi na ndizi, akauliza ni nani aliyeandika.

Ni mimi, mama.